Kibodi yafunzwa ĩ na ũ: Jinsi ya kubadilisha programu iliyo ndani yake

MTU anayetaka kuandika jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o katika tarakilishi hukumbana na kizingiti tangu silabi ya kwanza. Kibodi zinazouzwa madukani kwa kawaida hazina kitufe cha ũ wala cha ĩ. Mwandishi hulazimika kuzisaka herufi hizo katika orodha ya alama, kuzinakili kutoka hati nyingine, au kuziacha kabisa.

Wengi huziacha. Hivyo basi lugha ya Gĩkũyũ, ambayo ina vokali saba, huandikwa kana kwamba ina tano tu. Wanaoandika Kikamba, Kiembu na Kimeru, lugha ambazo pia hutumia herufi hizo mbili, huhangaishwa na tatizo lilo hilo.

Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, aliandika riwaya yake ya kwanza ya Gĩkũyũ, Caitaani Mũtharabainĩ, juu ya karatasi za msalani akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mnamo 1978. Kalamu haikumnyima alama yoyote. Mashine ya kuandikia ndiyo huamua mapema ni herufi zipi zitakazopatikana kwa urahisi na zipi zitakazotafutwa kwa jasho.

Hata hivyo, zipo kibodi zinazomruhusu mwenyewe kuamua kila kitufe kitafanya kazi gani. Hilo huwezekana kwa kuondoa programu iliyowekwa na kiwanda ndani ya kibodi na kupakia nyingine badala yake. Shughuli hiyo haihitaji shahada ya uhandisi. Inahitaji utulivu, kuyasoma maagizo kwa makini na kuelewa mambo machache kuhusu jinsi kibodi inavyofanya kazi.

Tarakilishi ndani ya kibodi

Kila kibodi ni tarakilishi ndogo. Ndani yake mna chipu yenye kumbukumbu na programu yake, ambayo kazi yake ni kuvitazama vitufe, kutambua kilichobonyezwa na kuifahamisha tarakilishi kubwa. Programu hiyo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe huitwa programu dhibiti, au famwea katika lugha ya mafundi.

Jambo hili si geni. Kibodi iliyouzwa pamoja na tarakilishi ya IBM PC mnamo 1981 ilikuwa na chipu ya Intel 8048 ndani yake. Tofauti ni kwamba programu ya chipu hiyo iliwekwa kiwandani na haikuweza kufutwa. Chipu nyingi za sasa zina kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya. ATmega32U4, mojawapo ya chipu zinazopatikana sana katika kibodi za aina hii, imeundwa kustahimili kuandikwa upya mara 10,000.

Kibodi za kimakanika ndizo hupendelewa na watu wanaofanya mageuzi haya. Katika kibodi za bei nafuu, vitufe hukandamiza kipande cha mpira kilichotandazwa chini yake. Katika kibodi ya kimakanika, kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kutengeneza swichi za MX katika miaka ya themanini, na muundo wake huigwa na viwanda vingi hadi leo. Swichi moja ikiharibika, hubadilishwa hiyo moja, na aliyezoea kuifungua kibodi yake hachelewi kuanza kuulizia programu iliyo ndani.

Kibodi kamili huwa na vitufe 104 hivi, ilhali ATmega32U4 ina miguu 26 tu inayoweza kuunganishwa na vifaa vingine. Haiwezekani kila kitufe kipewe mguu wake. Hivyo basi vitufe hupangwa kwa safu mlalo na safu wima, mfano wa daftari la hesabu. Safu mlalo sita na safu wima 18 hutosha vitufe 108, na huhitaji miguu 24 pekee. Chipu hupitisha umeme katika safu moja baada ya nyingine, mamia ya mara kila sekunde, na kuangalia umetokea wapi.

Kando ya kila swichi huwekwa dayodi, kifaa kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Bila dayodi, vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja chipu inaweza kudhani kwamba cha nne nacho kimebonyezwa.

Isitoshe, vipande vya chuma ndani ya swichi hudundadunda kwa muda mfupi mno vinapogusana. Programu dhibiti isipokuwa makini itasoma mguso mmoja kama herufi mbili au tatu. Kwa sababu hiyo husubiri milisekunde chache, mara nyingi tano, ndipo ikubali kwamba kitufe kimebonyezwa kweli.

Kibodi haitumi herufi

Linalowashangaza wengi ni kwamba kibodi haitumi herufi, hutuma nambari. Kulingana na kanuni za USB, kitufe cha I ni nambari 12 na kitufe cha U ni nambari 24. Tarakilishi ndiyo hupokea nambari hizo na kuzigeuza kuwa herufi, ikifuata lugha iliyochaguliwa katika mipangilio yake.

Katika kanuni hizo hakuna nambari iliyotengewa ĩ wala ũ. Kwa hiyo hata kitufe kikichorwa ũ kwa rangi ya dhahabu, hakitaiandika herufi hiyo mpaka ipatikane njia ya kuiomba kutoka kwa tarakilishi.

Njia yenyewe ni Unicode, mfumo wa kimataifa ambao umeipa kila herufi ya kila lugha iliyomo alama yake ya utambulisho. Herufi ndogo ĩ ni 0129 na herufi kubwa Ĩ ni 0128. Herufi ndogo ũ ni 0169 na herufi kubwa Ũ ni 0168. Kila tarakilishi ya kisasa inazo, na zinaonekana vyema kwenye skrini na kwenye karatasi. Kilichokosekana ni njia fupi ya kuzifikia.

Kibodi iliyofunzwa hufanya kazi ndefu kwa niaba ya mwandishi. Katika mfumo wa Linux, kwa mfano, mtu anaweza kuipata ĩ kwa kubonyeza Control, Shift na U kwa pamoja, kisha kuandika 0129 na kumalizia kwa kitufe cha nafasi. Ni vitufe vingi kwa ajili ya herufi moja. Programu dhibiti mpya hutuma mfululizo huo wote yenyewe, kufumba na kufumbua, mwandishi akiwa amebonyeza vitufe viwili tu.

Mradi wa QMK

Miongoni mwa programu dhibiti mashuhuri zinazopakiwa katika kibodi ni QMK. Ilichipuka kutoka kwa TMK, mradi ulioanzishwa na Jun Wako, kisha ikaendelezwa na Jack Humbert kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Tangu wakati huo watu wengi kutoka nchi mbalimbali wameichangia, na orodha ya kibodi inazozitambua ni ndefu.

QMK hutolewa bila malipo chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuisoma programu, kuibadilisha na kuisambaza. Aidha, inakitaka kiwanda kinachouza kibodi yenye QMK kimpe mteja msimbo wa programu hiyo pamoja na mabadiliko kilichofanya. Kwa mnunuzi, hilo ni swali la kuuliza kabla ya kulipa: je, msimbo wa kibodi hii unapatikana?

Kwa kibodi zisizo na waya, kuna mradi mwingine uitwao ZMK, ulioanza mnamo 2020. Huo unatumia leseni ya MIT, ambayo haina masharti mengi kama GPL, na uliundwa kwa kuzingatia Bluetooth na matumizi ya betri tangu mwanzo.

Pia kuna VIA, programu inayomwezesha mtu kubadilisha kazi za vitufe papo hapo akitumia kivinjari cha intaneti, mradi kibodi iwe tayari ina QMK iliyotengenezwa kwa kusudi hilo. Anayetaka tu kuhamisha kitufe kimoja mahali pa kingine hana haja ya kwenda mbali zaidi ya VIA. Anayetaka kibodi iandike ĩ na ũ kwa njia ya Unicode ana safari ndefu kidogo.

Maandalizi

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kibodi yenyewe inakubali. Jina na toleo kamili la kibodi hutafutwa katika orodha ya QMK. Toleo ni muhimu, kwani kiwanda kinaweza kuuza kibodi mbili zenye sura moja na jina moja lakini chipu tofauti ndani. Kibodi isiyokuwa katika orodha hiyo haifai kujaribiwa na mtu anayeanza.

Hatua ya pili ni kuitafuta programu dhibiti ya awali kutoka kwa kiwanda na kuihifadhi mahali salama. Hiyo ndiyo njia ya kurudi nyumbani mambo yakienda mrama. Kiwanda kikiwa hakitoi faili hiyo, mwenye kibodi anafaa kufikiria mara mbili kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu ni kuandaa kibodi ya ziada. Kibodi inayopakiwa programu haiandiki kitu wakati huo, na ikikwama, mtumiaji atahitaji nyingine ili aandike amri za kuinasua. Mwenye tarakilishi ya mkononi ana bahati, kwa kuwa tayari ana kibodi ya pili. Isitoshe, betri yake itamkinga umeme ukipotea katikati ya kazi.

Baada ya hapo huwekwa vifaa vya QMK katika tarakilishi. Watumiaji wa Windows hupakua kifurushi kiitwacho QMK MSYS, nao wa Linux na Mac hufuata maagizo ya mradi wenyewe. Amri ya qmk setup hupakua msimbo wote. Anayelipia intaneti kwa kiasi cha data afahamu kwamba msimbo huo si mdogo.

Kupanga matabaka

Moyo wa kazi yote ni dhana ya tabaka. Kila mtu aliyewahi kubonyeza Shift ameshaitumia bila kujua: kitufe kile kile hutoa a au A kutegemea kilichoshikiliwa. QMK hupanua wazo hilo na kumruhusu mtu kuwa na matabaka kadhaa, kila moja likiwa na mpangilio wake kamili wa vitufe.

Mfano rahisi ni kukipa kazi mpya kitufe cha Caps Lock, ambacho watu wengi hawakitumii ila kwa kukosea. Katika mpangilio mpya, Caps Lock ikishikiliwa inafungua tabaka la pili. Katika tabaka hilo, mahali pa I panakuwa ĩ na mahali pa U panakuwa ũ. Caps Lock ikiachiliwa, kibodi inarudi kuwa ya kawaida.

Ili kufanya hivyo, mtumiaji huanza kwa amri ya qmk new-keymap, inayomtengenezea nakala yake ya mpangilio wa vitufe. Nakala hiyo ni faili ya maandishi, keymap.c, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Haimlazimu kuijua lugha hiyo. Vitufe vimepangwa humo safu kwa safu jinsi vilivyo mezani, na kubadilisha kitufe ni kufuta neno moja na kuandika jingine.

Katika faili ya pili, rules.mk, huongezwa mstari wa kuiwasha sehemu ya Unicode, ambayo kwa kawaida huwa imezimwa. Katika ya tatu, config.h, hutajwa mfumo wa tarakilishi itakayotumiwa, iwe ni Linux, Mac au Windows, maana kila mmoja huombwa herufi kwa njia yake. Anayetumia zaidi ya mfumo mmoja anaweza kuitaja yote, kisha atenge kitufe cha kuhama kutoka mmoja hadi mwingine.

Kisha huorodheshwa zile alama nne: 0129, 0128, 0169 na 0168. QMK ina amri maalum ya kuunganisha herufi ndogo na kubwa yake katika kitufe kimoja, hivi kwamba Caps Lock na I hutoa ĩ, na Shift ikiongezwa hutoa Ĩ. Mwandishi hana jipya la kukariri.

Tabaka hilo hilo linaweza kusaidia Kiswahili pia. Kitufe cha N kinaweza kufunzwa kuandika ng' kwa mpigo mmoja, jambo ambalo litawafaa wanaoandika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa siku nzima. Hapa Unicode haihitajiki, kwani n, g na alama ya ritifaa zote zina nambari zake katika kibodi ya kawaida. Kwa hivyo ng' itafanya kazi katika takriban kila tarakilishi yenye mpangilio wa kibodi ya Kiingereza.

Kutafsiri na kupakia

Chipu haisomi lugha ya C. Amri ya qmk compile hutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine na kutoa faili moja, ambayo jina lake huishia kwa hex, bin au uf2 kutegemea aina ya chipu. Kosa la uandishi likiwepo, kama vile koma iliyosahaulika, kazi husimama na mstari wenye kosa hutajwa. Kufikia hapa kibodi yenyewe haijaguswa, kwa hiyo mtu anaweza kukosea na kurudia apendavyo.

ATmega32U4 ina kumbukumbu ya kilobaiti 32, na kwa kawaida programu hubakiwa na kilobaiti 28 hivi. Faili ikizidi kiasi hicho, QMK hukataa na kutoa onyo. Dawa yake ni kuzima sehemu zisizohitajika, kama vile madoido ya taa za rangi. Chipu ya RP2040, iliyozinduliwa na Raspberry Pi mnamo Januari 2021, hutumia kumbukumbu iliyo nje yake, ambayo mara nyingi ni megabaiti mbili au zaidi, na hapo suala la nafasi huwa halipo.

Ili ipokee programu mpya, kibodi sharti iingie katika hali ya kupakiwa. Kila chipu ya aina hii ina programu nyingine ndogo iitwayo butiloda, ambayo huamka kwanza na kuuliza kama kuna mzigo mpya. Kibodi nyingi huamshwa katika hali hiyo kwa kitufe kidogo kilichofichwa chini yake au juu ya bodi ya umeme. Nyingine hufanya hivyo kwa kushikilia kitufe cha Esc wakati waya wa USB unapochomekwa.

Kibodi ikiingia katika hali hiyo, huacha kuandika na taa zake aghalabu huzimika. Wanaojaribu kwa mara ya kwanza hudhani wameiua. Sivyo. Inasubiri tu.

Kwa kibodi zenye ATmega32U4, amri ya qmk flash, au programu ya QMK Toolbox yenye vitufe vya kubofya, hupeleka faili ndani ya chipu. Kwa zile zenye RP2040 kazi ni nyepesi zaidi: kibodi hujitokeza katika tarakilishi kama diski iitwayo RPI-RP2, na mtumiaji huiburuta faili ya uf2 na kuiachilia humo. Shughuli yenyewe huchukua sekunde chache. Katika muda huo, waya usiguswe.

Ikimaliza, kibodi hujizima, hujiwasha na kuanza kazi ikiwa na tabia mpya. Baadhi ya vitufe vikileta matokeo ya ajabu, huenda mipangilio ya zamani ingali imehifadhiwa kando na programu. QMK ina amri ya kuifuta mipangilio hiyo, na kufanya hivyo humaliza tatizo mara nyingi.

Mipaka yake

Ni vyema kusema wazi kwamba mbinu hii haimkomboi mwandishi kutoka kwa tarakilishi moja kwa moja. Kwa kuwa kibodi huomba tu, tarakilishi isiyoelewa ombi haitatoa herufi.

Katika Linux, ombi lililoelezwa hapo juu hukubaliwa na programu nyingi lakini si zote. Katika Mac, mtumiaji sharti kwanza achague mpangilio wa kibodi uitwao Unicode Hex Input. Katika Windows, QMK hutegemea programu ya bure iitwayo WinCompose, ambayo sharti iwe imewekwa. Anayetumia tarakilishi ya ofisi au ya saiba asiyoruhusiwa kuongezea programu atajikuta na ng' yake, bila ĩ wala ũ.

Aidha, mtu mwenye tarakilishi moja pekee huenda asihitaji kuifungua kibodi yake. Mifumo ya Linux, kwa mfano, ina mpangilio wa kibodi ya Kikuyu miongoni mwa ile ya Kenya, na kuuchagua ni kazi ya dakika moja katika mipangilio. Kibodi yoyote ya bei nafuu itafuata.

Faida ya programu dhibiti huonekana pale mtu anapohama kati ya mashine kadhaa zinazokubali ombi hilo, au anapotaka mambo ambayo mpangilio wa kawaida hauyatoi. Mojawapo ni uwezo wa QMK wa kugeuza pande za kibodi. Mtu anayetumia mkono mmoja kwa sababu ya ulemavu au jeraha anaweza kushikilia kitufe cha nafasi, na vitufe vya upande wa pili vikahamia chini ya vidole vyake mfano wa kioo. Mwingine anayeumwa na vifundo anaweza kuvileta karibu vitufe ambavyo vinamlazimu kunyoosha kidole.

Tahadhari

Hatari inayotajwa zaidi ni ya kuiua kibodi. Huweza kutokea mtu anapopakia programu ya kibodi nyingine, au waya unapochomoka katikati. Hata hivyo, butiloda hukaa katika sehemu yake ya kumbukumbu, na kwa kawaida haiguswi na upakiaji. Ikiwa ingali hai, kazi hurudiwa kwa faili sahihi. Katika RP2040, programu ya kuamsha chipu imechongwa ndani ya chipu yenyewe na haiwezi kufutwa. Katika ATmega32U4 inaweza kufutika, na hapo fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, au hata bodi ya Arduino, huweza kuirudisha.

Hatari ya pili huzungumziwa kidogo, ilhali ni kubwa zaidi. Tarakilishi huiamini kibodi bila kuuliza maswali. Mnamo Agosti 2014, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha katika kongamano la Black Hat nchini Marekani kwamba kifaa cha USB kinaweza kuandikwa programu dhibiti mpya kikajifanya kibodi na kuanza kuipa tarakilishi amri zake. Waliyaita mashambulizi hayo BadUSB.

Funzo lake ni kwamba faili iliyotafsiriwa tayari na mtu asiyejulikana haifai kupakiwa, hata kama imesifiwa vipi. Macho ya kawaida hayawezi kuona kilichomo. Msimbo upakuliwe kutoka kwa mradi wenyewe au kiwanda chenyewe, nayo tafsiri ifanywe katika tarakilishi ya mwenye kibodi. Vile vile, anayenunua kibodi iliyotumika anafanya vyema akiipakia programu mpya kabla ya kuandika nywila yake ya kwanza.

Wengine hushawishika kukifunza kitufe kimoja kiandike nywila ya barua pepe au ya benki. Huo ni mtego. Nywila hiyo huhifadhiwa bila kufichwa, na yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho anahitaji kidole kimoja tu kuifichua.

Mwisho, mnunuzi asome masharti ya dhamana. Kuna viwanda vinavyouza kibodi zake vikitangaza wazi kwamba zimeandaliwa kwa QMK, na kuna vingine ambavyo huenda visikubali kuitengeneza kibodi iliyobadilishwa.

Baada ya hayo yote, majaribio ni mafupi. Kila kitufe hubonyezwa mara moja, kimoja baada ya kingine, kuhakikisha hakuna kilichonyamaza. Kisha hufunguliwa hati mpya na kuandikwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, ambalo ndani yake mna ũ, ĩ na ng'. Likitokea lote bila kutafuta alama popote, kazi imefaulu. Ikitokea 0169 badala ya ũ, kibodi haina kosa: tarakilishi haijaambiwa namna ya kuisikiliza, na mwandishi arudi kwenye mipangilio yake.